Kipande cha blada nilichoziba nacho tangi la ndege yetu

Sifa zote ni za Mungu aliyeniamsha leo nikiwa na akili timamu na vidole viwili vinavyoweza kuandika. Sina cha kumrudishia ila shukrani.

Wakuu, nawasalimu kwa heshima, wakubwa kwa wadogo. Mimi ni mzee wa kanisa hapa Riruta, mwalimu mstaafu wa sayansi. Humu nimekuwa msomaji tu, sijawahi kuanzisha uzi.

Juzi nimeona ndugu mmoja hapa anasema yeye na marafiki zake wanataka kununua ndege ndogo. Watu wakamshauri rangi, viti, hata jina la kuipa. Hakuna aliyemwambia habari za mipira ya kuzibia na karatasi za wakili.

Mimi nilikuwa na ndege. Nitaeleza jinsi ilivyokuwa, pamoja na sehemu zinazoniaibisha. Majina nimeyabadilisha. Mengine yote ni kweli.

Najua mtauliza: mwalimu wa Riruta na ndege wapi na wapi?

Ndege ya zamani ya viti vinne, wakuu, si ile mnayoiona kwenye sinema. Yetu ilikuwa na umri wa kuwa babu. Watu wa Lavington wana magari ya bei kubwa kuliko ile. Mimi niliuza kipande cha shamba la urithi, rafiki yangu akatoa nusu yake, tukainunua pamoja.

Rafiki huyo nitamwita Daktari Muthama. Alikuwa Mkamba wa Mwala, mimi Mkikuyu wa Dagoretti. Tulikutana bweni moja tukiwa vijana na hatukuachana tena. Yeye alisomea udaktari, akajenga Lavington, na uzeeni akajifunza kurusha ndege. Mimi sikuwahi kujifunza. Kazi yangu ilikuwa kutunza vitabu vya ndege na kuombea safari.

Kila mwezi alikuwa anapeleka dawa na nesi kwenye zahanati moja ya kanisa kaskazini, mahali ambapo barabara ikinyeshewa haipitiki. Hatukumtoza mtu. Ilikuwa sadaka yetu.

Nilikuwa na daftari la jalada jeusi, tofauti na vile vitabu rasmi vya fundi. Humo niliandika kila kitu: saa za injini, upepo wa matairi, nani kapanda. Daktari alikuwa ananicheka.

"Mwalimu, wewe hata ndege unaisahihisha kwa kalamu nyekundu!"

Lakini hakuruka bila kulisoma. Hilo nawaomba mlikumbuke. Alikuwa anasoma nilichoandika, na alikuwa anakiamini.

Sasa nianze na kosa la kwanza, la karatasi.

Tulipoinunua, nilikwenda mjini kwa wakili mmoja. Ni mwanamke niliyemfundisha Sunday School akiwa na meno ya mbele hayapo. Ofisi yake iko ghorofa ya nne na lifti haijawahi kufanya kazi. Akatuambia tuandikishe kampuni ndogo, ndege iwe mali ya kampuni, kisha mimi na Daktari tuandikiane mkataba: nani anaamua nini, nani anatengeneza nini, likitokea jambo nani anajibu.

Akasema hivi, na maneno yake nayasikia hadi leo: "Mwalimu, kampuni ni ukuta. Ndege ikigonga kitu, watu watakuja kwa kampuni. Bila ukuta watakuja mpaka kwa kitanda chako."

Daktari akacheka. Akasema ndugu wawili hawawekeani ukuta. Mimi nikaongeza kwamba tumekwisha kuombea jambo hili mbele ya wazee wa kanisa, mkataba gani tena unazidi huo?

Wakili akafunika kalamu yake. Mtu akikutajia maombi, utambishiaje?

Kwa hiyo ndege ikaandikishwa kwa majina yetu mawili, kama vile watu wanavyoandikisha ng'ombe. Bima pia tukakata kwa majina yetu. Ile sera ya bima ilikuwa kurasa nyingi za herufi ndogo. Mimi mwalimu, niliyewachapa watoto kwa kutosoma swali mpaka mwisho, nilisoma ukurasa wa kwanza nikatia sahihi kwenye wa mwisho.

Sasa kosa la pili.

Mwaka ule mvua za masika zilianza kwa nguvu. Ndege yetu ilikuwa inalala nje pale uwanja mdogo wa ndege. Fundi wetu, nitamwita Barasa, alipofanya ukaguzi akaona kifuniko cha tangi la mafuta la bawa la kushoto kina kasoro. Ule mpira wa kuzibia ulikuwa umekauka na kupasuka. Mpira ukipasuka, maji ya mvua yanaingia kwenye mafuta, na injini ya ndege haijui kunywa maji.

Akaniambia, "Mzee, hii isiruke mpaka mpira mpya ukuje. Ule wenyewe, wenye karatasi zake."

Kulikuwa na duka mjini la kuagiza vipuri halali. Walisema nisubiri kidogo. Lakini mnatujua sisi. Binti yangu anaishi ng'ambo na alikuwa anakuja kwa sherehe ya mahari ya mdogo wake. Na kwetu, mtu akitoka ng'ambo, mkoba wake si wake. Huyu ataomba viatu, yule dawa ya presha, yule simu. Mimi nikaomba mpira wa tangi la ndege.

Nikamwambia Barasa, "Unakuja na mtoto wangu."

Akasema, "Na karatasi zake?"

Nikasema Mungu ni mwema.

Akanitazama, akafunga sanduku lake la vyombo. Kabla hajaondoka nikamwuliza kama kwa sasa tunaweza kuweka kitu tu kuzuia mvua. Nikamtajia blada, ule mpira wa tube ya baiskeli ambao sisi tunafungia kila kitu: kuni, mitungi, mabomba yanayovuja.

Akacheka kwa uchungu. "Blada ni ya mkokoteni, Mzee. Mimi siweki hiyo kwa ndege, na wewe usiweke."

Akaenda zake.

Wiki hiyo mvua haikupumzika, na binti yangu alikuwa bado hajafika na ule mpira. Nikienda uwanjani naona maji yanatuama juu ya bawa, moyo unaniuma kama mtu aliyeacha mtoto nje. Siku ya Alhamisi nikabeba tube kuukuu na mkasi wa mke wangu wa kushonea. Nikakata duara, nikalipima, nikakata lingine. Likaingia vizuri kwenye kifuniko. Nikakaza. Nikajisikia fundi.

Nia yangu, Mungu anajua, ilikuwa ndege isiingie maji ikiwa imeegeshwa. Sikukusudia iruke hivyo.

Kisha nikafungua daftari. Nikaandika: "Kifuniko cha kushoto tayari."

Sikuandika nani kakitengeneza wala kwa nini. Niliona haya kuandika neno blada kwenye daftari langu safi. Nikajiambia nitamweleza Daktari tukionana Jumapili. Jumapili kulikuwa na ubatizo, tukasalimiana kwa mbali, nikasahau.

Siku chache baadaye kukatoka ujumbe kule zahanati. Watoto walikuwa wanaugua na dawa zimekwisha. Daktari akaenda uwanjani mchana na nesi mmoja, Lydia. Habari ya mpira uliopasuka alikuwa nayo, lakini alisoma daftari na kuona kifuniko tayari. Wakapaa.

Mimi nilikuwa Ngara, kwenye duka la jumla, nachagua balbu za kanisa. Mwenye duka alikuwa anazijaribu moja moja. Simu ikalia, na alikuwa Barasa. Hakunisalimu.

"Mzee, ndege yetu imeanguka."

Nikamwuliza, "Gani?" Kana kwamba tulikuwa na nyingine.

Injini ilikohoa muda mfupi baada ya kupaa, ikazima. Walikuwa upande wa magharibi, nje kidogo ya mji. Mbele ya Daktari kulikuwa na nyumba za plastiki za mboga, na akina mama walikuwa ndani wanachuma. Alikunja ndege akaipeleka kwenye shamba lililolimwa, lenye mtaro ambao kutoka juu hauonekani. Gurudumu la mbele likaingia mtaroni.

Lydia alivunjika nyonga na mguu. Daktari aliishi mpaka saa kumi jioni. Nilifika hospitali saa kumi na robo.

Naomba mniwie radhi, hapa niliacha kuandika nikatembea kidogo uani.

Maafisa wa uchunguzi walikuja. Walinihoji kwa upole. Kile kifuniko cha kushoto hakikupatikana, bawa lilikuwa limeraruka na kule kulikuwa matope matupu. Wakakuta maji kwenye mafuta. Afisa mmoja akaniuliza, "Mwalimu, kuna matengenezo yoyote ambayo hatuyajui?"

Nikajibu, "Yote yako kwenye vitabu."

Mzee wa kanisa. Nilijibu hivyo nikiwa nimevaa beji ya kanisa kwenye koti.

Tulimzika Mwala. Pale mazishini nikasikia wanaume wawili waliowahi kurusha ndege wakiongea nyuma yangu. "Hakutoa maji kwa tangi huyu. Kila rubani anajua asubuhi unatoa mafuta kidogo kwa kikombe, unaangalia kama yana maji. Uzee."

Mwenzake akasema, "Daktari mzima anakufa kwa kusahau."

Na mimi nimesimama na koleo mkononi, nangoja zamu yangu ya kumwaga udongo.

Baada ya wiki mbili nikaenda kumwona Lydia hospitalini. Hakuwa na lawama hata kidogo. Akaniambia kitu kimoja tu.

"Mwalimu, aliangalia mafuta mbele yangu. Mara mbili. Akaniletea kikombe nione, akasema, 'Sista, safi kuliko chai ya hospitali yenu.' Tukacheka. Sasa kwa nini wanasema hakuangalia?"

Nikamrekebishia shuka, nikaaga. Jibu nilikuwa nalo.

Nikamtafuta Barasa. Akanieleza taratibu, bila kuniinulia sauti. Mpira wa tube ukigusana na mafuta ya ndege hufura, hulegea, hukunjamana. Mvua inapita kwenye mikunjo. Na pale tulipokuwa tunaegesha ndege pameinama kidogo, kwa hiyo maji yanaweza kukaa kona ya tangi mbali na pale kikombe kinapochota. Unapata mafuta safi kikombeni. Ndege ikiinua pua, maji yanateremka kwenda kwa injini.

Akaniuliza, "Uliweka?"

Nikasema, "Niliweka."

Akavua kofia. Akasema, "Basi Daktari hakukosea."

Nikapanda zile ghorofa nne kwa wakili. Nilitaka aniambie kwamba kusema hakutabadilisha kitu. Hakuniambia hivyo. Akaitoa ile sera ya bima, akanisomea kifungu kwa kidole kama mimi nilivyokuwa namsomea zaburi.

"Bima inalipa hata rubani akikosea, Mwalimu. Hailipi ndege iliyoguswa na mtu asiye na leseni, na kipuri kisichotambuliwa. Ukisema, hawatalipa matibabu ya Lydia. Hawatamlipa mwenye shamba. Na kwa kuwa ndege ni ya majina yenu mawili, wote watakuja kwako na kwa urithi wa Daktari. Mpaka nyumba."

Nikamwuliza, "Nisiposema?"

Akafunga faili. "Mimi ni wakili, siwezi kukuambia udanganye. Lakini wewe ndiwe ulinifundisha Amri Kumi. Usinifanye nikufundishe."

Wakuu, nataka mwelewe nilipokuwa nimesimama. Nikinyamaza, Lydia anatibiwa, mjane wa rafiki yangu anabaki na nyumba yake, mimi nabaki na heshima yangu. Anayeumia ni marehemu peke yake, na marehemu hasikii. Shetani hajawahi kunipangia hoja nzuri namna ile.

Kabla ya kwenda kwa maafisa nilikwenda Lavington kwa mjane. Nitamwita Mama Mwende. Askari wa lango ananijua, alinifungulia bila kuuliza. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, kwa sababu hakuniambia nikae.

Alipoelewa, alisema maneno ambayo nayaandika kama yalivyo.

"Unataka kunitoa kwa nyumba ya mume wangu ukiwa na Biblia mkononi?"

Nikarudi hatua moja nyuma.

"Huo ukweli, Mwalimu, ungeuleta kabla hajapanda. Alhamisi ulikuwa wapi nao? Jumapili ulikuwa wapi nao? Sasa ndiyo umeukumbuka?"

Nikamwambia, "Wanasema alisahau kuangalia mafuta. Hakusahau."

Akaniambia nitoke.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa maafisa. Niliwapelekea kile kipande cha tube kilichobaki, na mkasi. Sijui kwa nini nilibeba mkasi. Afisa yule mpole akaandika kurasa tatu, nikatia sahihi kila ukurasa. Safari hii nilisoma mpaka mwisho.

Yote aliyoyasema wakili yakatimia. Bima ikakataa, na ilikuwa na haki. Ndugu zake Lydia wakaenda mahakamani, nao walikuwa na haki, dada yao ana umri wa miaka ishirini na tisa na anatembelea gongo. Mwenye shamba naye akaja. Nikauza ploti yangu ya nyumba za kupangisha karibu na Naivasha Road, iliyokuwa tegemeo letu la uzeeni. Haikutosha. Nyumba ya Lavington ikauzwa. Mama Mwende akahamia flat Ngara.

Kanisani nilijiuzulu uzee kwa muda. Wazee wenzangu wakanirudisha baadaye, lakini siku hizi nakaa kiti cha nyuma kwa hiari yangu. Mke wangu hajanilaumu hata siku moja. Ule mkasi hatukuomba turudishiwe.

Wapo walioniambia nilitafuta usafi wa roho yangu kwa nyumba ya mjane. Sijawajibu, maana kuna siku na mimi naona hivyo.

Karibu mwaka ukapita na Mama Mwende hakupokea simu yangu wala salamu. Kisha ripoti ya uchunguzi ikatoka. Niliichukua mjini, nikatembea nayo kwa miguu hadi Ngara nikapanda ngazi. Akafungua mlango, akaona bahasha, akaniachia nafasi ya kupita.

Akasema, "Soma. Macho yangu hayaoni herufi hizo."

Nikasoma. Kwamba mmiliki mwenza asiye na leseni aliweka mpira usiofaa na hakuandika alichokifanya. Kisha nikasoma kwamba rubani alikagua mafuta ipasavyo, na kwamba baada ya injini kuzima aliigeuza ndege ili kuepuka watu waliokuwa chini.

Akasema, "Hapo. Rudia."

Nikarudia.

"Tena."

Nikasoma mara ya tatu. Akaichukua karatasi mkononi mwangu, akaiweka chini ya leso mezani. Akaenda jikoni. Nikasikia sufuria. Akaniletea kikombe cha chai, akakiweka mbele yangu.

"Sijakusamehe, Mwalimu. Namwomba Mungu anifikishe huko, sijafika. Lakini chai utakunywa."

Kisha akaenda kukaa chumba kile kingine, akafunga mlango mpaka nilipomaliza.

Niliinywa yote. Nikaosha kikombe, nikakiacha kimefunikwa, nikaondoka.

Sasa wewe ndugu unayetaka ndege na wenzako. Andikisheni kampuni kabla hamjachagua rangi. Andikianeni mkataba hata kama mmezaliwa tumbo moja, kwa sababu siku mtakayouhitaji mmoja wenu hatakuwepo kusema. Bima isome mpaka herufi ya mwisho, na usipoelewa mlipe wakili akusomee. Kipuri kije kwa njia yake, na karatasi zake, si kwa mkoba wa mtoto wa mtu. Fundi akikuambia isiruke, ifungie kamba na uandike kwa herufi kubwa: ISIRUKE. Na ukigusa chochote, hata kwa nia njema, andika ni wewe na andika umetumia nini. Aibu ya kuandika neno blada ingedumu siku moja.

Maombi, ombeni. Mimi bado naomba, tena zaidi ya zamani. Lakini Mungu alinitumia fundi na wakili, wote wawili wakaniambia, na mimi nikawajibu kwa jina lake.

Wenye maswali ya bima au ya usajili ulizeni, nitajibu ninachokijua, ingawa vidole vyangu ni vya polepole. Wenye kunikemea pia karibuni, nitasoma yote. Kama kuna mwenye ndege hapa, tusaidie kumwelekeza huyu ndugu.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Bwana akulinde utokapo na uingiapo, akupe marafiki wa kweli, na akupe ujasiri wa kuwaambia jambo mapema, wakiwa bado wanaweza kukujibu. Amina.